Wa pwani, wa Pwani au wa kipwani? Namna ya kulitumia neno "pwani" bila kumpoteza msomaji

Tangazo likisema "viwanja vinauzwa Pwani, bei ya kutupa", wasomaji wa Dar es Salaam hugawanyika papo hapo. Mmoja anaona minazi, mchanga mweupe na ngarawa. Mwingine anaona Mkoa wa Pwani, Mlandizi au Kisarawe, mikorosho na barabara ya vumbi, bahari huioni hata ukipanda juu ya paa. Wote wawili wamelielewa neno, ila kila mmoja ameshika pwani yake. Kwa kawaida kinachoamua ni ipi huwa hakitajwi: upande wa pili alionao msemaji kichwani anaposema pwani. Ukiujua huo, mengine yanabaki kuwa sarufi tu.

Lilikotoka

Ndani ya "pwani" kuna kitenzi -pwa, kama katika maji kupwa na kujaa, na nyuma yake kuna -ni ya mahali, ileile ya nyumbani na shambani. Kwa asili basi pwani ni pale maji yanapopwa: ardhi ambayo bahari huiacha wazi kisha ikaifunika tena. Maji hupwa kwa kiasi cha saa sita na kujaa kwa saa sita, kwa hiyo mara mbili kwa usiku na mchana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kina kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa Dar es Salaam hupita mita 3. Penye mchanga tambarare, hicho ni kipande kikubwa cha ardhi ambacho asubuhi kilikuwa bahari na adhuhuri watu wanakitembelea kwa miguu.

Wakazi wa vijiji vya wavuvi bado wanaitunza maana hiyo. Mama anayeokota chaza au kuchokoa pweza kwenye mashimo ya mawe anakwenda pwani; mumewe aliyepanda ngarawa amekwenda baharini. Ukivichanganya hivyo viwili mbele yao wataelewa, ila watajua wewe ni mgeni.

Kwa kuwa -ni imo tayari, usiiongeze tena: hakuna "pwanini". Na "kwenye pwani" au "katika pwani" ni mzigo usio na kazi. Sema tu "wanaishi pwani", "tumetoka pwani". Ukitaka kueleza hali ya huko, tumia upatanisho wa mahali: pwani kuna joto, pwani kumechafuka. Ukiligeuza kuwa jina la kitu chenye mwenyewe, linaingia ngeli ya I-: pwani ya Tanzania, pwani yetu imeliwa na mawimbi. Na likirudiwa, pwani pwani, linakuwa kielezi cha safari: jahazi lilikwenda pwani pwani mpaka Kilwa, maana yake halikukata bahari kuu.

Kulifanya lieleze nomino

Kiswahili hakina kivumishi kimoja kinachobeba maana hii peke yake. Tunachukua -a unganifu, tunaivika kiambishi cha nomino inayoelezwa, kisha pwani inafuata bila kubadilika: mtu wa pwani, watu wa pwani, mji wa pwani, miji ya pwani, eneo la pwani, maeneo ya pwani, chakula cha pwani, vyakula vya pwani, lafudhi ya pwani, lahaja za pwani, ukanda wa pwani. Anayeharibu hapa huwa ameing'ang'ania "ya" kwa kila kitu, akasema "watu ya pwani", "chakula ya pwani". Kwenye gumzo la mtaani linapita. Kwenye maandishi linajeruhi macho.

Kosa la pili ni gumu zaidi kulinasa. "Mji huu ni pwani" si Kiswahili. Kuna njia mbili sahihi, na hazilingani. "Tanga iko pwani" inajibu swali la wapi. "Tanga ni mji wa pwani" inajibu swali la mji wa namna gani: wenye bandari, wenye desturi zake, wenye historia ya majahazi. Dereva wa lori anahitaji ya kwanza. Anayeandika juu ya utamaduni anahitaji ya pili.

Mpangilio nao una madhara. Sifa fupi hutangulia, -a hufuata: mji mkubwa wa pwani, nyumba yetu kubwa ya pwani. Ukigeuza ukasema "nyumba ya pwani kubwa", msomaji hajui kikubwa ni nyumba au pwani, kwa sababu zote mbili ni ngeli ya I- na "kubwa" inazikubali zote. Kwa nomino za ngeli nyingine upatanisho utakuokoa, mathalani "mji wa pwani mkubwa" au "kisima cha pwani kikubwa", lakini bado sentensi inachechemea.

Ki- moja inayobadilisha kila kitu

Hapa ndipo waandishi wengi wazuri hujikwaa. Nyumba ya pwani ni nyumba iliyoko pwani; inaweza kuwa ghorofa la vioo huko Masaki. Nyumba ya kipwani ni ya mtindo wa pwani: baraza mbele, mlango wa kuchongwa, ukumbi unaopitisha upepo hadi uani. Hiyo unaweza kuijenga Dodoma, na mtu akakusifu kwamba nyumba yako ni ya kipwani kweli. Ki- inaondoa mahali na kuacha namna.

Jaribu kipimo hiki: hamisha kitu kwa mawazo, kipeleke Iringa. Kama sentensi bado ni kweli, andika "ya kipwani". Kama imekuwa uongo, andika "ya pwani". Upepo wa pwani ukiupeleka Iringa si upepo wa pwani tena. Mavazi ya kipwani, kanzu na kofia ya vito, baibui, kanga mbili, yanabaki ya kipwani hata kwenye harusi iliyofanyika kwenye baridi ya Mafinga.

Mapishi yanakubali zote mbili, na hakuna wa kukugombeza. Hata hivyo wapishi wa mjini wamelipa neno maana ya ndani zaidi. Ubao wa mgahawa ukisema "vyakula vya pwani", soma "nazi": wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharage ya nazi, kisamvu cha nazi, mikate ya kumimina kwa chai. Mgahawa ulioandika hivyo ukakupa wali mweupe na samaki mkavu wa kukaangwa, wewe una haki ya kuuliza. Samaki katoka baharini, ndiyo, lakini tui ndilo lililokuwa limeahidiwa.

Kuna pia "mambo ya pwani", inayosemwa kwa tabasamu la upande mmoja. Humaanisha mahaba, manukato, mafumbo ya kanga, na mara nyingine uganga. Mwenyeji akijisemea mwenyewe ni utani. Asiye mwenyeji apime kwanza baraza limekaa vipi.

Herufi kubwa, na kiwanja chako

Pwani kwa P kubwa ni jina la mkoa. Makao yake makuu ni Kibaha, na Kibaha haina bahari. Wala Kisarawe. Bagamoyo, Mkuranga na Kibiti zinagusa bahari, Mafia ni kisiwa kabisa, kwa hiyo mkoa una sura zote mbili ndani yake. Dar es Salaam kwa upande wake ni mji wa pwani mia kwa mia, lakini haumo katika Mkoa wa Pwani. Kwa hiyo sentensi "Kibaha ni mji wa Pwani" ni kweli, na "Kibaha ni mji wa pwani" inahitaji maelezo. Tofauti ya herufi moja.

Masikioni herufi kubwa haisikiki. Ndiyo maana anayetoka Rufiji, akiulizwa kwao wapi, hujibu "Mkoa wa Pwani, Rufiji", asiseme "pwani" akaishia hapo. Fanya hivyohivyo kwenye simu, redioni na kwenye video, popote msikilizaji asipoyaona maandishi. Na kama unaandikia wasomaji wa Kenya pia, ongeza "Tanzania" baada ya jina la mkoa. Kwao Pwani ni ule uliokuwa mkoa wenye makao Mombasa, ambao sasa ni kaunti sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita-Taveta. Hiyo ya mwisho nayo haigusi bahari, lakini ni Pwani.

Sasa turudi kwenye tangazo la viwanja. Anayeandika kwa nia njema aseme moja kati ya haya: "kiwanja Mkoa wa Pwani, wilaya fulani, kata fulani", au "kiwanja cha ufukweni", au "kiwanja umbali wa mita kadhaa kutoka baharini". Neno "pwani" peke yake kwenye tangazo la ardhi lichukuliwe kuwa halijasema kitu. Mnunuzi aulize kwa mpangilio huu: ni Pwani mkoa au pwani ya bahari? Kata gani, kijiji au mtaa gani? Kutoka kiwanjani hadi mstari wa maji kujaa ni hatua ngapi? Swali hili la tatu ndilo linaloamua fedha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Muuzaji anayepima umbali wakati maji yamekupwa anakuonyesha mita nyingi ambazo jioni zitakuwa na samaki ndani.

Jirani zake, na wapi pa kumtumia nani

Ufukwe ni ule ukanda wa mchanga wenyewe, pa kutembelea na kuogelea. Wingi wake ni fukwe: fukwe za Kigamboni, usafi wa fukwe. Wengi wa mjini husema bichi, na "twende bichi" haina tatizo lolote Jumapili mchana. Ila barua ya kuomba kibali cha tamasha iandikwe "ufukweni".

Mwambao umebeba kitenzi ambaa, kwenda kandokando ya kitu bila kukiacha. Kwa hiyo mwambao ni mrefu, unatazamwa kama mstari: miji ya mwambao, mwambao wa Afrika Mashariki. Na kwa kuwa hauna habari za maji kupwa, unafaa ziwani: vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika. "Pwani ya Ziwa Victoria" utaiona ikiandikwa, lakini ziwa halipwi wala kujaa kama bahari, na wenyeji wenyewe husema mwaloni, ufukweni, kando ya ziwa. Mikoa yao nayo tayari ina jina lake, Kanda ya Ziwa.

Mrima ni pwani ya upande wa bara inayoielekea Unguja. Ni neno la historia na la lahaja. Ukilitumia kwenye ripoti ya leo ya mifereji ya maji machafu utaonekana unatunga shairi.

-a baharini ni ya vilivyomo ndani ya maji: viumbe vya baharini, nyasi za baharini. Hapa hutokea mchanganyiko mkubwa, na ni rahisi kuuona kwenye meza za soko la samaki la Feri, hapa Dar es Salaam. Changu, kolekole, jodari, nguru na pweza ni wa baharini, au kama wauzaji wanavyopenda, wa maji chumvi. Sato na sangara ni wa maji baridi, hata kama meza yao iko hatua chache tu kutoka mawimbini. "Baridi" hapa haihusu barafu, maana yake ni maji yasiyo na chumvi. Ukimwambia muuzaji "nataka samaki wa pwani", atakuuliza: "Wa pwani wa aina gani, mama? Hawa wote wako pwani." Sema "wa maji chumvi" na mtaelewana.

Upande wa pili: bara

Pwani karibu kila mara ina bara nyuma yake, na bara ndiyo inayoyumba. Kwa mtu wa Mwanza, Dar es Salaam ni pwani. Kwa mtu wa Unguja, Dar es Salaam hiyohiyo ni bara: akipanda boti bandarini Malindi anakwenda bara. Mji haukusogea hata inchi. Wa kwanza anatofautisha ukingo wa bahari na ndani ya nchi. Wa pili anatofautisha kisiwa na nchi kavu. Mwandishi anayehudumia wasomaji wa pande zote asiandike "bara" mtupu. Aandike "Tanzania Bara", herufi kubwa mbili, anapozungumzia upande wa Muungano usio Zanzibar, na "mikoa ya ndani" au "mikoa isiyo na bahari" anapozungumzia umbali na maji.

Maana ya tatu ni bara la dunia, kama Afrika na Asia. Lina ngeli yake: bara la Afrika, mabara. Na lina alama nyingine nzuri ya kulitambua: linapokea -ni. "Yuko bara" ni kule ndani au ng'ambo ya Unguja. "Barani Afrika" ni Afrika nzima. Wapenzi wa soka wanalijua hili bila kufundishwa. Ligi Kuu Tanzania Bara haihusishi timu za ligi ya Zanzibar, na mashindano ya klabu barani Afrika ni kitu kingine kabisa. Kichwa cha habari kinachosema "timu za bara zafungwa" kimeuacha mlango wazi. Ongeza "Tanzania" au "-ni" uufunge.

Dar es Salaam kwenyewe, cha ajabu, bara haisikiki sana katika maongezi ya kila siku. Watu husema mkoani, mikoani: mabasi ya mikoani, mizigo ya mkoani, "yuko mkoa, atarudi Jumatatu". Kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis ni cha mabasi ya mikoani. Kiserikali Dar es Salaam nayo ni mkoa, lakini mtaani mkoa ni kule kwingine. Tanga, ambayo ni pwani kama sisi, nayo ni mkoani. Kwa hiyo usidhani mkoani na bara ni pacha.

Tahadhari moja juu ya watu. "Mtu wa pwani" na "mtu wa bara" ni maelezo. "Mpwani" na "Mbara" yameshikana zaidi na mtu, na yakisemwa kwa hasira, hasa Zanzibar na Mombasa, yanageuka kuwa tusi la kumkumbusha mtu kwamba hapa si kwao. Kwenye maandishi taja mji au mkoa wa mtu, kama kweli unahitajika.

Kwenye hali ya hewa na kwenye daladala

Utabiri unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa una msamiati wake, na unafaa kuusoma kwa maana yao, uache yako. "Pwani ya kusini" ni mikoa ya Lindi na Mtwara. "Pwani ya kaskazini" inachukua Tanga, Dar es Salaam, Pwani pamoja na Mafia, Unguja, Pemba, na kaskazini mwa Mkoa wa Morogoro. Ndiyo, Morogoro, yenye milima ya Uluguru na isiyo na tone la bahari. Wanapanga maeneo kwa jinsi mvua inavyonyesha: eneo hilo hupata vuli na masika. Mkulima wa huko anayeruka tahadhari ya pwani kwa kudhani haimhusu anaweza kukutwa na mvua mbegu zikiwa bado dukani.

Na watu wanaposema "joto la pwani", hawataji nyuzi. Wanataja jasho. Hewa ya huku ina unyevu mwingi, jasho halikauki, shati linagandana mgongoni. Dodoma jua linaweza kuwa kali vilevile, lakini kavu. Ukiandikia wageni wanaokuja Januari, andika "joto la unyevu" badala ya kutegemea "la pwani" peke yake. Ndipo watakapojua wabebe nguo za pamba.

Mwisho, Mbezi. Ziko mbili. Moja iko Barabara ya Bagamoyo, karibu na bahari, inaitwa Mbezi Beach. Nyingine iko Barabara ya Morogoro, mbele ya Kimara, na ni kilomita nyingi kutoka baharini. Mgeni akisimama kituoni na kuuliza "hii inafika Mbezi?", konda anayejua kazi yake atarudisha swali: "Mbezi ipi, dada? Ya Kimara au Bichi?" Konda mwenye haraka atasema "panda, panda", na ukishuka utajikuta upande usiokuwa wako wa jiji, nauli imekwenda na foleni ya jioni ndiyo kwanza imeanza. Basi uliza hivi tangu mwanzo: "Kaka, Mbezi ya baharini?" Akitikisa kichwa, ngoja gari lililoandikwa Tegeta au Bunju.